Nani Alipika Siku Ile ya Matofali

Mbuji, 10 Machi 2024

Kwako Winnie, binti wa marehemu kaka yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tuko wazima wa kutembea na wazima wa kulala, na kwa wote namshukuru Mungu. Mvua inanyesha kama imetumwa, maharage yamekubali, na yule mbuzi wako mweupe amezaa mapacha. Lidia, mke wa Flaviani, anakusalimu sana, anasema kitenge ulichomletea Krismasi hajakivaa bado, anasubiri siku ya furaha.

Unalalamika kwamba sipigi simu. Mwanangu, mtandao wa huku unapatikana juu ya kilima peke yake, na pale kilimani kuna watu wameketi tangu asubuhi, kazi yao ni kusikiliza simu za wenzao. Mambo ya mtoto wangu siyapeleki pale. Barua inafika imefungwa.

Haya, sasa nisikilize. Flaviani wangu bado yuko kitandani tangu ile Jumamosi ya Januari jukwaa la mafundi lilipoporomoka pale kwenye ukumbi wa kigango chetu. Daktari wa Songea anasema mfupa wa paja, pale karibu na nyonga, umekataa kuunga. Anataka kumpasua amwekee chuma, la sivyo atatembelea magongo maisha yake yote, na kadiri tunavyokaa mguu unazidi kufupika. Wewe unaijua milima yetu. Mashimo ya ngolo tunayolimia mteremkoni hayachimbwi kwa magongo.

Alphonce, yule mkandarasi wa Mbamba Bay anayetujengea ukumbi, ana bima. Tulipolisikia hilo tulipiga vigelegele humu ndani na mgonjwa wetu akacheka. Sasa kampuni ya bima imeandika kwamba hailipi. Nakala nimekuwekea humu. Sisi tumeisoma na katibu wa kigango tukachoka, tukaambulia "kwa mujibu" na "hivyo basi". Wewe kazi yako ni kuuza bima za watu hao, utuambie wanataka nini.

Kuna mtu alikuja kutaka kununua kahawa yetu ikiwa changa mtini, kwa bei ile ya magoma, ya kumnyonya mwenye shida. Nimemwambia akachume kwa mama yake. Lakini sijui nitamfukuza mara ngapi.

Ni mimi shangazi yako,
Theodosia


Dodoma, 28 Machi 2024

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Milele amina. Mimi ni mzima, vumbi tu na jua la Dodoma linalotaka kutubanika. Pole sana, na mpe Flaviani pole yangu kubwa. Mwambie sijasahau alivyonibebea sanduku la bweni kichwani mpaka stendi ya Mbinga huku akiniimbia nisilie. Asante kwa habari ya mapacha. Mmoja awe wa Lidia.

Barua ya bima nimeielewa, na imenikasirisha. Bima ya Alphonce inalipa mtu wa nje anayeumia kwenye kazi yake. Lakini ina kifungu cha mambo isiyoyalipa, na mojawapo ni kuumia kwa wafanyakazi wake mwenyewe, kwa sababu hao wana mfuko wao wa fidia. Kampuni inasema Flaviani alikuwa mfanyakazi wa Alphonce. Nimeuliza upande wa mfuko, wakaniambia mtu ambaye hajawahi kuajiriwa hawamjui, na kwa kweli hawajakosea. Basi kaka yangu ameangukia katikati: huku ni mfanyakazi, kule si mfanyakazi, na mguu ni uleule.

Naomba unieleze siku ile yote. Nani aliwaita? Flaviani alipandaje jukwaani? Na huyo mtu wa bima anayetajwa kwenye barua yao, alipokuja kuuliza, mlimwambia nini hasa? Usiache kitu, Shangazi, hata kama unakiona kidogo.

Wako akupendaye,
Winnie


Mbuji, 15 Aprili 2024

Mwanangu Winnie,

Barua yako ilikaa Mbinga kwa mwenye duka wiki nzima akisubiri mtu wa kuja huku. Tumepita Pasaka salama. Flaviani aliletewa komunyo nyumbani, akajilazimisha kuketi, jasho likamtoka. Jirani zetu wamelima shamba lake lote la mahindi bila kuombwa. Nashukuru, nashukuru mpaka nakosa mahali pa kuziweka shukrani.

Siku ile ilikuwa ngokela, kama unavyozijua ngokela zetu. Mwenyekiti wa kigango alitangaza kanisani kwamba matofali yako bondeni na mafundi wa Alphonce ni wachache, kwa hiyo Jumamosi jumuiya zote tukutane tuyapandishe. Tukaenda. Wanawake tulibeba kichwani, vijana mabegani, tukiimba. Mchana fundi mmoja wa juu akaomba mtu wa kumpokezea matofali. Unamjua Flaviani, haombwi mara mbili. Akapanda. Mrunda mmoja chini ulikuwa umeliwa na mchwa, jukwaa zima likaja chini na yeye ndani yake.

Yule bwana wa bima nilimpokea vizuri, usidhani. Nilimchinjia kuku. Nilitaka ajue kwamba Alphonce anayemlipia ni mtu wa maana, siyo bahili. Nikamwambia Alphonce alitulisha siku ile tukasahau na njaa: ugali, maharage, usipa wa ziwani wa kukaanga, togwa ndoo kwa ndoo, na Flaviani kwa vile ni mchapakazi aliongezewa. Mama Tereza naye akasema hivyohivyo. Akina mama wote walisema hivyo. Bwana yule aliandika huku anatikisa kichwa, nikajua maneno yamemwingia.

Sasa na wewe niambie, kosa liko wapi?

Shangazi yako,
Theodosia


Dodoma, 2 Mei 2024

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaketi. Ee Mungu wangu! Kosa liko kwenye huo usipa.

Kifungu kinasema hivi: mfanyakazi ni yeyote anayefanya kazi chini ya mwenye bima kwa malipo, "ya fedha au ya kitu". Yule bwana uliyemchinjia kuku amekwenda kuandika kwamba mashahidi wote, kwa kauli moja, wamethibitisha kwamba Alphonce aliwalipa kwa chakula, na kwamba Flaviani alilipwa zaidi kwa kuwa alifanya kazi zaidi. Mlimsifu Alphonce mpaka mkamnyima kaka yangu matibabu.

Sikulaumu. Nakuuliza swali moja tu, na nakuomba unijibu kama ilivyokuwa, bila kuzunguka. Nani alipika siku ile?

Ofisini mambo ni mengi, usijali nikichelewa kuandika.

Winnie


Mbuji, 20 Mei 2024

Winnie,

Tu wazima. Baridi imeanza. Kahawa zimeanza kuwa nyekundu huku na huku.

Hilo swali lako nimelisoma. Kwetu mtu haulizi sufuria ilitoka kwa nani. Chakula cha ngokela ni cha mwenye kazi, kimekuja kwa kichwa cha nani hakuna anayeangalia. Ukiondoka kwenye kazi ya mtu, unasema nimekula kwake nimeshiba. Hata kama hukushiba unasema hivyo. Mama yako hakukufundisha? Nilikufundisha mimi!

Sitamwaibisha mtoto wa watu aliyekuja kutujengea ukumbi. Watu wa kilimani pale wakilipata neno hilo, Alphonce hatapewa tena hata banda la kuku kujenga kuanzia hapa mpaka kijiji cha Ruanda.

Flaviani ameanza kujifunza magongo. Jana alianguka mlangoni. Alicheka ili Lidia asilie, na Lidia naye akacheka ili yeye asijue.

Na wewe, mbona bahasha yako safari hii haina muhuri wa ofisi? Umeandika anwani ya nyumbani. Kuna nini?

Theodosia


Dodoma, 9 Juni 2024

Shangazi yangu, shikamoo.

Ya ofisini yaache, ni ya kawaida. Tuzungumze yetu.

Nimekulia jikoni kwako. Najua namna unavyolitamka neno ukiwa unafunika jambo, na hata kwenye karatasi nimekusikia. Hebu nikuambie mimi siku ile ilivyokuwa, unisahihishe nikikosea. Alphonce ni mgeni. Hakuna aliyemwambia kwamba kwetu mwenye kazi ndiye anayelisha watu. Yeye aliona kigango kimeita watu wake, akadhani kigango kitawalisha. Kigango kikadhani mkandarasi amejiandaa. Saa ya kula ikakaribia, hakuna hata moshi. Ndipo wewe na Mama Tereza na wenzenu mkarudi majumbani kimyakimya, kila mmoja akaja na sufuria yake kwa njia ya nyuma, mkapakua kana kwamba vyote vimetoka kwa Alphonce. Hata maji hakuleta. Ni hivyo, sivyo?

Shangazi, hilo ni jambo zuri kuliko yote niliyosikia mwaka huu. Nimelia, nakwambia kweli. Nashukuru Mungu kwamba mimi ni mtoto wa jiko hilo. Lakini mmefunika kombe na mguu wa Flaviani uko ndani.

Nimeandika malalamiko, na kampuni imekubali kumtuma mtu mwingine kusikiliza mashahidi upya. Atafika kigangoni Ijumaa ya tarehe tano Julai. Mkisema kwamba Alphonce hakuwapa kitu chochote, kile kifungu hakina pa kushika. Flaviani anakuwa mtu wa nje aliyekuja kulisaidia kanisa lake, na bima lazima ilipe. Mkisema mlivyosema mara ya kwanza, sina njia nyingine.

Uamuzi ni wako. Mimi ukinyamaza nitakupenda vilevile. Ila nakuomba, nakuomba sana, umtazame Flaviani anavyovuka ule mlango.

Mtoto wako,
Winnie


Mbuji, 14 Julai 2024

Winnie mwanangu,

Shika kiti uketi, hii ni ndefu.

Barua yako nilikaa nayo siku kadhaa nimeifunga kwenye khanga. Nilikuwa nakuchukia kidogo, nisikufiche, kwa sababu hukukosea hata neno. Mama Tereza aliponiona sili akaniuliza, nikamwambia. Akasema, "Tuseme tu, mtoto ni mtoto." Nikamwambia, kusema tutasema, lakini siwezi kumsema mtu mgongoni. Nitakwenda nikamwombe ruhusa.

Basi nikashuka ziwani. Nilikuwa sijafika Mbamba Bay tangu mjomba wako alipozikwa. Sasa ni lami tupu, tumbo halikunisumbua. Mwera ulikuwa unavuma, ziwa limechafuka, mitumbwi yote imevutwa juu. Nikamkuta Alphonce nyumbani kwa mama yake wanaanua usipa kichanjani kabla haujapeperuka. Nikasaidia kwanza kuanua. Huwezi kuanza maneno mazito watu wakiwa na mikono imejaa.

Tulipoketi nikazunguka weee. Nikasifu usipa, nikasifu lami, nikauliza bei ya muhogo. Mwishowe nikasema: "Mwanangu, nimekuja kukuomba kitu kibaya. Nakuomba unipe ruhusa nikuaibishe."

Winnie, yule mwanaume aliinama akashika kichwa. Akasema, "Mama, mimi ninajua tangu siku ile. Niliwaona mkija na masufuria kwa nyuma. Nilimwuliza fundi wangu mmoja wa huko kwenu, akaniambia desturi yenu, nikatamani ardhi ipasuke. Halafu nikasikia mmemwambia mtu wa bima kwamba nimewalisha vizuri. Nikajiuliza, nitasemaje kwamba akina mama hawa wamesema uongo? Wamenifunika nguo, nami niwavue zao?"

Yaani unaona mambo haya! Yeye ananyamaza kwa heshima yetu, sisi tunanyamaza kwa heshima yake, na katikati mtoto wangu mguu unafupika. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia, mama yake naye akalia bila kujua tunalilia nini.

Ijumaa ile kigango kilijaa kama siku ya kipaimara. Safari hii bima ilimtuma mama mmoja mtaratibu, anasikiliza kabla ya kuandika. Nikaitwa wa kwanza. Nikasimama, nikamwangalia Mama Tereza, naye anaangalia chini. Kabla sijafungua kinywa Alphonce akasimama kule nyuma. Akasema kwa sauti, mbele ya watu wote na mwenyekiti na wale wa kilimani:

"Mimi siku ile sikuwapa hawa watu chakula. Sikuwapa hata maji. Nilikuwa sijui. Walileta chao, wakakiita changu ili nisiaibike. Flaviani sikumwajiri na sikumlipa kitu. Alikuja kwa ajili ya kanisa lake, akaumia kwenye jukwaa langu ambalo lilikuwa bovu."

Nilidhani watu watazomea. Hakuna aliyezomea. Mama Tereza akasimama akasema, "Ni kweli, na maharage yalikuwa yangu, na yalikuwa na chumvi nyingi, mnisamehe." Hapo ndipo watu wakacheka, na yule mama wa bima akacheka pia, akaandika.

Tukasema wote, mmoja mmoja. Hatujui watajibu nini. Lakini nimelala usingizi mzuri. Nakushukuru kwa kunisukuma, ingawa ulinisukuma kwa nguvu.

Alphonce aliondoka siku hiyohiyo bila kuaga. Vifaa vyake ameviacha, ukumbi hauna paa.

Shangazi yako,
Theodosia


Dodoma, 19 Agosti 2024

Shangazi, shikamoo, na shikamoo tena!

Nitaanza na lenyewe, salamu zitafuata. WAMEKUBALI. Barua imetoka leo. Wameandika kwamba Flaviani alikuwa mtu wa kujitolea, hakuwa mfanyakazi, kwamba hakupokea malipo yoyote kutoka kwa mwenye bima, na kwamba kifungu kile hakimhusu. Watalipa upasuaji, chuma, kitanda, na msimu aliokosa shambani. Hospitali ya Songea watapelekewa moja kwa moja, kwa hiyo Flaviani ajiandae.

Nimepiga kelele peke yangu chumbani mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa la ofisini, kwa sababu najua hutaacha kuuliza. Bosi hakupenda kwamba mtu anayeuza bima za kampuni ile anaandika malalamiko dhidi yake. Amenihamishia dirisha la bima za pikipiki. Sijafukuzwa, na wale vijana wa bodaboda wananichekesha kutwa. Sikukuambia mapema kwa kuwa ungesema niache, na mimi sikutaka kuacha. Nimekuwa na deni kwako tangu baba alipofariki ukanichukua bila kuuliza nani atanilisha. Halilipiki. Nimefurahi tu kwamba safari hii nilikuwa na kitu mkononi.

Mshukuruni sana Alphonce. Bila maneno yake, yenu peke yake yangeonekana mmeyapanga.

Winnie


Mbuji, 27 Oktoba 2024

Binti yangu Winnie,

Tumsifu Yesu Kristo. Bosi wako mwambie shangazi yako anamsalimu, na ananyosha kidole. Halafu acha maneno ya deni. Mtu hamlipi aliyemlea. Ukitaka kushukuru, olewa!

Flaviani amepasuliwa, amerudi, amewekewa chuma ambacho Lidia anasema kitadumu kuliko yeye mwenyewe. Wiki za kwanza alikuwa akisaga meno. Sasa anatembea na gongo moja, na ndani ya nyumba anatembea bila gongo akidhani simwoni. Kahawa yote tumevuna wenyewe na tumeipeleka chamani ikiwa imekauka vizuri. Kila jioni tunasali kwa ajili yako, wewe na pikipiki zako.

Alphonce ndiye hakurudi. Mwenyekiti alimwandikia, hakujibu. Alimpigia, simu haipokelewi. Tulisikia amemwambia mtu kwamba macho ya akina mama wa Mbuji hawezi kuyatazama tena, bora aache kazi na ile fedha aliyoweka dhamana ipotee. Wengine wakaanza kusema tutafute fundi mwingine.

Juzi Alhamisi Lidia akaja mbio: Flaviani hayupo. Gongo halipo. Tukatafuta shambani, tukatafuta kanisani. Jioni tukaambiwa ameonekana amepanda gari la Mbamba Bay. Nilichemka! Mguu mpya, barabara ya milima, na hakumuaga mtu! Nilimwandalia maneno usiku kucha.

Ijumaa alasiri gari likasimama kule njiani. Akashuka Flaviani, anachechemea, akageuka akampa mkono aliyekuwa ndani. Akashuka Alphonce. Kumbe mgonjwa wangu alikwenda akakaa kibarazani kwa mtu akamwambia, "Mimi niliyeanguka nimekuja kwa miguu yangu. Wewe uliyesimama unashindwa nini?" Hakumwambia jingine. Akalala hapohapo, asubuhi wakapanda wote.

Walikuja mpaka jikoni kwangu. Mama Tereza alikuwepo, na Lidia. Maneno yangu yote niliyoyaandaa yalinitoka kichwani. Alphonce alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, akatusalimia shikamoo mmoja mmoja.

Wewe unakujua kwetu. Mgeni hasemi ana njaa. Hata akizimia hasemi, na huyu alikaa nasi mwaka mzima wa kujenga, hakuwahi kuomba hata kikombe cha maji. Wa kuomba ni watoto wa nyumba hiyo tu.

Akaniangalia usoni, akasema, "Mama, nina njaa. Kuna nini?"

Nikasingizia moshi, nikafuta macho. Nikamsogezea kigoda.

Theodosia